Siku Damu Yangu Ilipokataa Kuganda

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoma chokaa na kupaka kuta za Amu tangu ujana wake ana haki ya kuchoka. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mke wangu, na hivyo ndivyo nilivyojiambia mwenyewe kila nilipopanda jukwaa la ujenzi nikafika juu natweta kama mtu aliyefukuzwa na mbwa.

Nilikuwa na kazi ya nyumba ya kale upande wa Mkomani. Warithi walitaka ukuta wa ukumbi urudi ulivyokuwa, na zidaka zake za kuwekea vyombo, na nakshi zake, na mji huu mtu akitaka ukuta wake urudi ulivyokuwa anakuja kwangu. Skuli nilikaa mpaka nikajua kuandika jina langu, nikatoka nikaenda kubeba mawe. Sikurithi nyumba wala shamba. Kila nilicho nacho nimekitoa kwenye mikono hii miwili, na ndiyo maana mikono ilipobadilika, nilipaswa kuona mapema. Sikuona. Mchoma chokaa mikono yake huwa myeupe siku zote. Jioni moja nilinawa kwa sabuni, nikanawa tena, nikasugua kwa jiwe la miguu, na weupe wa viganja haukutoka. Nikamwita mke wangu.

Hakutazama mikono. Alinivuta chini ya taa, akanishusha ukope wa chini kwa kidole gumba.

"Tizama yuu," akasema. Nikatazama juu. "Mato yako hayana damu. Ndani meupe kama ya samaki aliyelala tangu yana."

"Nimechoka."

"Umechoka tangu mfungo. Watu wote wameshapumzika, weye wachoka."

Mke wangu akiamua jambo haliachi. Kuanzia siku ile nikawa nalishwa kuongezwa damu. Maini ya mbuzi asubuhi. Tende na maziwa. Mchicha umepikwa mpaka umekuwa mweusi. Bitiruti anaisaga na karoti, napewa gilasi nzima, naye amesimama mbele yangu na mkono kiunoni mpaka nimalize. Nilikula vyote. Mimi si mtu wa kukataa chakula. Lakini badala ya kupata nguvu nikazidi kuishiwa. Miguu ikaanza kuvimba ikifika jioni. Ngozi ikaniwasha, mwasho usio na kipele, unajikuna na haupo mahali. Mdomoni nikawa na ladha ya msumari, kana kwamba nimelala nimeushika kwa meno. Masikio yakaanza kupiga mluzi kufuatana na moyo. Siku niliyoshuka jukwaani nikashindwa kusimama, mafundi wangu wakanikalisha juu ya pipa la chokaa, nikaona nyuso zao, nikajua kwamba hao tayari wananiogopea. Hilo lilinichoma kuliko ugonjwa. Nikaenda hospitali.

Daktari wa figo alikuwa mtu wa bara, mpole, umri wa mwanangu wa mwisho. Walinitoa damu, wakanipima mkojo, wakanipitisha kile chombo cha baridi ubavuni. Presha nilijua ninayo, miaka mingi, nilikuwa nakunywa vidonge nikikumbuka. Akatuita mimi na mke wangu.

"Mzee wangu, damu yako imefika nusu ya ile anayotakiwa kuwa nayo mwanamume," akasema. "Unakula nini?"

Mke wangu akajibu yeye, akayataja yote, na kwa sauti ya mtu anayengoja kusifiwa.

"Simamisha tende. Simamisha bitiruti na mchicha," daktari akasema. "Leo hii. Vina madini ambayo figo zake haziwezi kuyatoa tena, yakijaa yanasimamisha moyo."

"Mimi namuongeza damu," mke wangu akasema.

"Najua, Mama. Lakini upungufu wake si wa chakula. Figo zake zimekufa kwa sehemu kubwa."

Sikulipenda neno hilo. Nikamwambia, figo na damu wapi na wapi. Figo kazi yake mkojo, na mkojo napata.

Sasa yule kijana alinieleza, na nitamsifu, kwa sababu watu wengi waliosoma wakikueleza jambo wanakuacha ulipokuwa. Alisema damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Lakini uboho hauanzi kazi wenyewe, unangoja amri, na anayeipeleka amri ni figo. Figo zikichoka, amri inafika kwa sauti ya chini. Hilo moja. Jingine, figo ndizo zinazotoa taka za mwili. Zisipozitoa, taka zinabaki ndani ya damu na zinageuka sumu. Sumu hiyo inauziba uboho masikio, hata ile amri kidogo usiisikie vizuri. Na chembe nyekundu zinazozaliwa, zinazaliwa ndani ya uchafu, zinachakaa upesi na kufa kabla ya umri wake. "Hata chuma cha hayo maini unayokula," akasema, "mwili uliojaa sumu unakifungia ghalani. Kipo, lakini hakifiki kazini."

Kitu hicho nilikuwa nakijua. Nakijua maisha yangu yote.

"Ni kama mchanga wa ufukoni," nikamwambia. "Fundi mvivu hachoti mchanga wa shamba, anachota wa ufukoni, hauoshi, anauchanganya na chokaa. Ukuta unapendeza. Kisha chumvi inaanza kula kutoka ndani, chokaa inabanduka kabla ya wakati. Mwenye nyumba analeta chokaa nyingine, unapaka juu, inabanduka. Analeta nyingine."

"Ndivyo hivyo hivyo, Mzee," daktari akasema. "Umenielewa kuliko wanafunzi wangu."

Nilifurahi, sitasema uongo. Nikamtazama mke wangu nione kama amesikia. Basi nikauliza dawa ni ipi. Akasema sindano ya kuupelekea uboho amri ile ambayo figo haipeleki tena, na chuma cha kupitisha kwenye mshipa. "Lakini sindano peke yake itapigana na sumu," akasema. "Lazima damu ioshwe. Kwa mashine."

"Inaoshwaje?"

"Tunaweka mpira kwenye mshipa wa shingo. Damu inatoka, inapita kwenye chujio, inasafishwa, inarudi."

"Inatoka yote?"

"Kidogo kidogo. Wakati wote iliyo nje si nyingi."

"Na umeme ukikatika?"

"Tuna jenereta."

"Na jenereta ikigoma?"

"Nesi anaizungusha mashine kwa mkono mpaka damu yako yote irudi."

Nikamuuliza kama nesi huyo ana mkono wenye nguvu. Akacheka, mke wangu hakucheka. Akanipa kesho kutwa asubuhi nirudi kuwekwa mpira, na akasema nisikawie hata siku moja, kwani nilikuwa karibu na ukingo. Nikasema inshallah.

Nyumbani nilisema sitaki. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo.

"Sema kwa nini," akasema.

"Nina damu nusu. Hiyo nusu wanataka kuitoa nje, waitembeze kwenye mipira, mimi nimelala naitazama. Watu wa bara hawa leo wako, kesho wamehamishwa. Mwili huu sikupewa na serikali."

"Daktari alikueleza. Mwenyewe ukamwambia mambo ya mchanga."

"Nilielewa ugonjwa. Dawa sikuielewa."

Hapo ndipo lilipoingia wazo, na mpaka leo sioni haya nalo. Mtu yeyote aliyewahi kushika mwiko angefikiri nilivyofikiri. Ukuta ulioliwa na chumvi dawa yake tunaijua. Hupaki juu. Unabandua. Unaondoa yote iliyooza mpaka kwenye jiwe, unauacha ukuta wazi uteme chumvi yake, kisha unapaka upya. Daktari kasema damu yangu imejaa sumu. Basi iliyojaa sumu itolewe, mwili utengeneze mpya. Na kutoa damu chafu sisi hatukungoja mashine. Wazee wetu wote waliumikwa chuku, wakachanjwa na kunyonywa damu kwa pembe, na mimi mwenyewe nimeumikwa mara nyingi kwa mgongo na kwa kichwa, na kila mara niliinuka mwepesi.

Mpiga chuku wangu yuko Kipungani, upande wa pili wa kisiwa. Ni mtu wa rika langu, tulibeba mawe pamoja kabla hajarithi pembe za baba yake. Siku iliyofuata asubuhi nikamwambia mke wangu naenda kutazama mawe, nikapanda mashua ya watu wanaopeleka unga, maji yakiwa yamejaa. Njia nzima nilikuwa nimekaa nimeegemea magunia na nilimwambia nahodha nimepatwa na usingizi.

Mpiga chuku alikuwa barazani kwake na mkewe, anamsaidia kuchambua miyaa ya mikeka. Aliponiona alisimama.

"Fundi, umekuja kuumikwa au umekuja kuzikwa?" akasema. "Weupe huo umeupata wapi? Umejipaka ile chokaa yako?"

"Nizikwe Kipungani? Kaburi lenyewe mtalichimba fupi, kwa uvivu wenu."

"Tutakuchimbia na miguu nje, utizame bahari." Akanishika kiwiko, na mzaha ukamtoka usoni. "Una nini?"

"Damu yangu ina sumu. Nimepimwa. Daktari mwenyewe kasema."

"Kasema uumikwe?"

"Kasema isafishwe."

Nilimjibu ukweli, kila neno. Akafikiri kidogo, akaingia ndani kuleta pembe zake. Mkewe akatandika mkeka mpya sakafuni, mkeka wa kuuzwa, kwa sababu ule wa kukalia ulikuwa umelowa. Nikalala kifudifudi. Akasema Bismillahi, akanitia chale mgongoni kwa wembe mpya, ndogo ndogo, kama kawaida yake, mkono wake ni mwepesi. Akaweka pembe, akazivuta kwa mdomo, akazifunga kwa nta. Nikasikia ngozi inanyanyuka. Nikasema moyoni, sasa itatoka.

Alipobandua pembe ya kwanza nilisikia anaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Nikamuuliza vipi.

"Hii damu si nzito," akasema. "Kama sharubati iliyotiwa maji."

"Ndiyo chafu yenyewe. Toa."

"Chafu huwa nyeusi, Fundi. Huganda ndani ya pembe ukiitizama. Hii haigandi."

Akabandua zote mara moja, kwa haraka, hakuniuliza. Nikasikia anaweka kitambaa na kukandamiza. Akangoja. Akainua, nikasikia pumzi yake, akakandamiza tena. Kitu cha joto kilikuwa kinanitiririka ubavuni, kinaingia kwenye kikoi. Mkewe akaleta kitambaa kingine, kisha leso, kisha leso ya pili. Chale zile ni ndogo kuliko mikwaruzo ya ukindu, na kwa mtu mwingine zingekuwa zimekauka kabla hajavaa shati. Mimi nilikuwa nimelaza shavu kwenye mkeka, na niliona mstari mwekundu mwepesi unatambaa kufuata ukili wa mkeka, unajaza msuko mmoja, unahamia mwingine.

"Mbona haikatiki?" mkewe akauliza.

"Sijui," akasema. "Nyamaza nikandamize."

Nilijaribu kuinuka. Dunia ikapinda pembeni ikaniangusha nilipokuwa. Sauti zao zikawa mbali, na ule mluzi wa masikio ukawa wa kasi sana, moyo unakimbia kutafuta damu ya kusukuma na haipo. Hapo ndipo nilipojua kwamba ninakufa, na ninakufa kwa kitu nilichokiagiza mwenyewe.

Maji yalikuwa yameshakupwa. Mashua zote zilikuwa zimelala ubavu kwenye tope, na mpaka yajae tena mimi ningekuwa nimekauka. Mkewe akatoka mbio kwenda skuli, kwa sababu mwalimu mmoja pale ana pikipiki. Nikasikia pikipiki inakuja, inazimwa, na aliyeingia ni mwanamke. Mwalimu mwenyewe. Mtu wa bara, suruali chini ya dera, kofia ya chuma mkononi. Akanitazama mgongo.

"Mzee, unaweza kukaa?"

"Naweza."

"Sawa. Utakaa katikati. Utanishika kiuno."

"Mimi sishiki mke wa mtu."

"Mimi si mke wa mtu," akasema. "Na wewe huna wakati wa kuchagua. Twende."

Mpiga chuku akanibeba kama gunia. Tukapanda watatu, mwalimu mbele, mimi katikati, yeye nyuma yangu. Mkewe akatufunga mimi na mwalimu kwa leso, kiuno kwa kiuno, nisidondoke. Mimi, mzee wa safu ya mbele msikitini, nimefungwa kwenye mgongo wa msichana wa bara mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyecheka. Hilo lilinitisha zaidi. Watu wa Kipungani hucheka kwa kila kitu.

Njia ile ni mchanga mtupu mpaka ufike kwenye minazi. Pikipiki ilikuwa inayumba, inazama, inanguruma, inatoka. Mpiga chuku aliweka viganja vyake viwili juu ya chale zangu akakandamiza kwa uzito wake wote, njia nzima, bila kushika kitu kingine chochote. Kila tulipogonga mzizi nilimsikia anasoma dua, na katikati ya dua anasema, "Shika ndia ya kushoto, Mwalimu, kulia kuna shimo."

Kichwa changu kilianguka kwenye bega la yule mwanamke. Akaanza kupiga kelele juu ya injini.

"Mzee, usilale. Ongea na mimi. Unafanya kazi gani?"

"Chokaa."

"Siku hizi si kuna simiti? Kwa nini mtu ahangaike na chokaa?"

Nikafungua macho.

"Nani kakwambia simiti?"

"Si ndiyo rahisi. Unanunua mfuko, unachanganya, umemaliza. Nyumba za kwetu zote ni za simiti."

"Nyumba za kwenu ni za juzi," nikasema. Ulimi ulikuwa mzito lakini hasira ilikuwa inausukuma. "Jiwe letu linapumua. Ukilifunga kwa simiti maji hayana pa kutokea, yanalioza ndani. Nimebandua simiti kwenye nyumba... nyumba za watu wenye akili kama zako..."

"Sijasikia. Sema kwa nguvu."

"Nimesema huna akili."

"Eleza basi. Chokaa inachomwaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia magogo yanavyopangwa kwa duara, mawe yanavyowekwa juu, moto unavyowashwa kutoka katikati. Nikikatika, anauliza jambo la kijinga, na ninarudi kumsahihisha. Nyuma yangu mpiga chuku naye akawa ananirekebisha, akasema magogo ya mkoko hayapangwi vile, na nikamwambia yeye ameacha kazi hii siku nyingi na afunge mdomo akandamize. Hatukufika mwisho wa tanuri. Niliona kuta za kwanza za mji, kisha sikuona.

Nilizinduka nimelala ubavu, kuna watu mgongoni kwangu na taa kali. Daktari yule yule. Alikuwa ameshona, amefunga, ameweka uzito juu, na sindano inaingia mkononi. Mpiga chuku alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya ukuta, shati lake lote limelowa mpaka kwenye mifuko, na nesi aliyeingia alimwambia alale kitandani kwanza, akidhani yeye ndiye mgonjwa.

"Aliyemkata nani?" daktari akauliza.

"Mimi," mpiga chuku akasema, akasimama.

"Mimi ndiye niliyemwambia anikate," nikasema. "Yeye usimguse."

Daktari hakugombana. Alikuja akachutama nilipoweza kumwona uso.

"Mzee, sikukumalizia maelezo siku ile. Kosa hilo ni langu. Ile sumu haiui chembe nyekundu tu. Kuna chembe nyingine, za kuziba kidonda. Unazo, lakini zimeleweshwa na sumu, hazishikani. Mtu mwenye figo kama zako akichanjwa, damu haijui kusimama. Na ile uliyotoa haikupunguza sumu. Sumu iko kila mahali mwilini, ukitoa damu kidogo inatoka nyingine kwenye nyama inajaza pale pale. Ulichopunguza ni damu peke yake."

Mpiga chuku akauliza kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi, iwapo mgonjwa wa figo asimguse kabisa. Daktari akamwambia asimguse, hata akija na pembe zake mwenyewe.

Kisha wakatundika mfuko wa damu. Niliutazama. Ulikuwa mwekundu sana, mzito, damu ya mtu mwenye afya.

"Ya nani hiyo?"

"Ya mtu aliyejitolea," nesi akasema.

"Mtu gani?"

"Hatujui, Mzee."

Maisha yangu sikupokea kitu cha mtu ambaye siwezi kumkabili nikamwambia ahsante. Sasa nikalala pale naingiwa na mtu nisiyemjua, labda wa Mpeketoni, labda wa Garissa, labda mwanamke. Viganja vikaanza kupata joto. Daktari hakuniacha nifurahi. "Hii ni ya kukuvusha," akasema. "Inaingia kwenye uchafu ule ule. Nayo itakufa mapema kama yako. Nataka nikuwekee mpira sasa, mashine ianze leo, kabla chembe hizo hazijalewa. Lakini siwezi kukulazimisha. Nataka neno lako."

Mke wangu aliingia hapo. Sijui nani alimwita. Alisimama miguuni kwa kitanda, buibui lina mchanga, ametembea haraka. Akautazama mfuko, akamtazama mpiga chuku na shati lake, akanitazama mimi.

"Ulinambia waenda kutizama mawe," akasema.

Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

"Ukitaka kufa, mtu mzima, siwezi kukukataza. Lakini utanambia. Nitakaa nawe. Sitakimbilia hospitali kama mwendawazimu, nauliza watu ndiani mume wangu kaletwa hai au maiti." Sauti yake haikupanda. Angepiga kelele ningemjibu. "Waogopa?"

Tumeoana tangu sote hatuna kitu, na hakuwahi kuniuliza hivyo. Mpiga chuku akatazama dirisha. Daktari akajitia kushughulika na karatasi.

"Naogopa itoke isirudi," nikasema.

"Basi mimi nitaitizama," akasema. "Ikitoka nitaifuata kwa mato. Ikikawia nitamshika nesi shingo."

Nesi akasema yeye amekubali.

Nikampa daktari neno langu.

Waliniweka mpira ubavuni mwa shingo, wamefunika uso wangu kwa kitambaa, na mkono wa mke wangu nilikuwa nimeushika chini ya kile kitambaa. Kisha wakanisukuma mpaka chumba cha mashine. Kulikuwa na watu wengine wanne wamelala, kila mmoja na mashine yake, mmoja ni muuza samaki wa Kizingitini ninayemfahamu, alikuwa anakula biskuti. Akaniinulia biskuti kunisalimu. Sikuwa na nguvu za kumwinulia kitu.

Nesi akaunganisha mipira. Akasema, Mzee, naanza polepole, kama hutaki kuona fumba macho. Sikufumba. Damu niliyokuwa nayo ilikuwa kidogo na nusu yake ya kuazima, nilitaka kuona inakokwenda. Gurudumu la mashine likazunguka. Mpira uliokuwa na maji meupe ukageuka mwekundu kuanzia shingoni kwangu, na wekundu ukaenda, ukapanda, ukaniacha. Nikasikia baridi kwenye vidole vya miguu. Sijui kama ilikuwa baridi ya kweli. Damu ikaingia kwenye lile chujio refu, ikalijaza kutoka chini, pole pole sana, na mpira wa upande wa pili, wa kurudi, ulikuwa bado mweupe.

"Iko wapi?" nikamuuliza mke wangu, ingawa nilikuwa naiona.

"Imefika yuu ya lile bomba," akasema. Alikuwa amesimama na uso wake karibu na mashine mpaka nesi akamwomba arudi nyuma kidogo. Hakurudi. "Yaingia. Yaingia. Ngoja."

Nilingoja. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwenye meno. Muuza samaki aliacha kutafuna.

"Yatoka upande huu sasa," mke wangu akasema. "Nyekundu. Yaja kwako."

Niliifuata kwa macho mpaka ilipopita chini ya kidevu changu ambapo siwezi kuona, na nikaisikia ikiingia, ya ubaridi kidogo kuliko ilivyotoka.

Nesi akauliza kama aongeze kasi. Nikamwambia aongeze.